Kipele sehemu za siri: lini usubiri, lini uende kwa daktari

Mwezi huu naandika juu ya jambo ambalo hakuna aliyeniomba kwa sauti. Nimeulizwa kwa kunong'onezwa: ndani ya gari tukielekea kuchukua kadi ya Social Security, kwenye ngazi za jengo, na mara moja katikati ya msiba. Swali huanza hivi: "Kuna rafiki yangu mmoja, ana kipele huko chini..." Nami humjibu rafiki huyo kwa heshima zote.

Nianze na habari yangu mwenyewe. Nilipokuwa na miaka kumi na saba, kambini Nyarugusu, niliona vipele vidogo sana, vyeupe, vimejipanga kama shanga kuzunguka kichwa cha uume. Sikuwa nimewahi kulala na mtu. Hata hivyo niliamini kabisa kwamba ni ugonjwa wa zinaa. Nilivisugua kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikachubuka. Kwenda zahanati sikuweza, kwa kuwa nesi wa pale alikuwa mama wa rafiki yangu. Nilikaa na hofu hiyo miaka tisa, nikaja nayo mpaka Marekani. Siku moja daktari aliyekuwa akinipima kwa jambo jingine aliangalia, akasema kupitia mkalimani wa simu: "Hii ni ngozi yako tu, wanaume wengi wanayo, haihitaji dawa." Alichukua kama sekunde kumi. Nilitoka pale nikakaa kwenye kituo cha basi, sijui nicheke au nilie.

Kwa hiyo neno la kwanza ni hili: vipele vingi vya sehemu za siri si ugonjwa, na vingine ni ugonjwa mdogo wa ngozi usiohusiana na zinaa hata kidogo. Lakini viko vichache ambavyo ukivinyamazia vinaweza kukuletea hasara kubwa, wewe au mtoto aliye tumboni. Ugumu ni kwamba huwezi kuvitenganisha kwa kutazama maumivu. Kinachouma sana mara nyingi ni jambo dogo. Kisichouma kabisa ndicho kinachoweza kuwa kikubwa.

Tuanze na vya kawaida. Vile vya kwangu hutokea kwa wavulana wanapobalehe na hubaki, havikui wala haviambukizi. Wanawake nao wanaweza kuwa na vinyama vidogo laini ndani ya mashavu ya uke, vimepangana pande zote mbili kwa usawa, rangi moja na ngozi yenyewe. Hiyo pia ni ngozi ya kawaida. Kuna vidoti vya njano au vyeupe, kama punje ndogo za mafuta chini ya ngozi, kwa wanaume na wanawake. Hivyo ni tezi za mafuta, ndizo hizo hizo zinazoonekana kwenye midomo ya watu wengi. Alama nzuri ya vitu hivi ni kwamba vimekuwepo muda mrefu, vinafanana vyote, havibadiliki, haviwashi, havitoi maji.

Halafu kuna vinavyoletwa na wembe. Katika jamii zetu kunyoa huko ni usafi, na kwa ndugu zetu Waislamu ni sehemu ya dini, kwa hiyo sitakuambia uache. Lakini nywele zetu zimejikunja. Ukizinyoa karibu sana na ngozi, ncha ya nywele hurudi ndani na kuota chini ya ngozi, pakatokea kipele chekundu au cheusi, pengine chenye usaha kidogo na unywele unaoonekana katikati. Hiki kinauma ukikigusa. Weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika kumi, mara tatu kwa siku, usinyoe mpaka kipone, wala usikibinye. Kwa kawaida ndani ya wiki moja kimetulia. Safari nyingine tumia mashine ya kunyolea badala ya wembe, na wembe usishirikiane na mtu. Kikigeuka jipu kubwa, au wekundu ukaanza kusambaa, hapo ni daktari, kwa sababu huenda likahitaji kupasuliwa na kupewa dawa ya kuua bakteria. Na kama majipu yanarudi kila mara mahali pale pale, kwenye mapaja, kinenani na kwapani, yakiacha makovu na vishimo, usikubali kuambiwa ni uchafu. Kuna ugonjwa wa ngozi wa namna hiyo, una matibabu yake, na hauambukizi.

Mwanamke anaweza kupata uvimbe wa mviringo upande mmoja tu karibu na mlango wa uke. Mara nyingi ni tezi iliyoziba. Ukiwa mdogo na hauumi, kukaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu mara kadhaa kwa siku hutosha. Ukiuma mpaka kutembea ni shida, au ukaja na homa, nenda. Mama aliyefikisha miaka arobaini akiona uvimbe mpya mahali hapo aonyeshe hata kama hauumi. Na wanawake waliokeketwa wanaweza kupata uvimbe chini ya kovu, hata miaka mingi baadaye. Unatibika. Daktari hapa anaweza kushangaa akiona kovu, lakini wewe hukufanya kosa lolote, na una haki ya kuomba daktari mwanamke.

Upele ule wa kuwasha usiku, tuliojuana nao sana kambini, nao hupenda sehemu za siri. Kama unajikuna zaidi ukiwa kitandani, na kuna vipele pia katikati ya vidole, kiunoni, au kwenye matiti, na mtoto naye anajikuna, basi huenda ni huo. Ni mdudu mdogo sana anayechimba ngozi. Dawa yake ni krimu inayoandikwa na daktari, inapakwa kuanzia shingoni mpaka nyayoni, inalaliwa, inaoshwa asubuhi, na kwa kawaida inarudiwa baada ya wiki moja. Kosa ninaloliona kila mara ni baba kujipaka peke yake. Nyumba nzima inapakwa usiku ule ule, mashuka na nguo zinafuliwa kwa maji ya moto na kukaushwa kwenye mashine. Vinginevyo mtapeana tena.

Sasa tufike kwenye kile kisichouma.

Kaswende huanza na kidonda kimoja, kwa kawaida wiki tatu hivi baada ya kuambukizwa, ingawa kinaweza kutokea siku kumi baadaye au hata siku tisini. Ni cha mviringo, kigumu ukikigusa ukingoni, safi, na hakiumi. Kinaweza kuwa juu ya uume, kwenye shavu la uke, mkunduni, mdomoni, au ndani kabisa ambako mwanamke hawezi kukiona. Pengine mtoki unavimba kinenani. Kisha, na hapa ndipo watu wanapodanganyika, kinapona chenyewe ndani ya wiki tatu hadi sita. Hata ukipaka majani, kitapona. Hata ukipaka mafuta ya kupikia, kitapona. Utasema dawa ya bibi imefanya kazi. Ugonjwa umeingia ndani tu. Baadaye unaweza kuona madoa kwenye viganja na nyayo, nayo yanaondoka yenyewe. Miaka ikipita, unaweza kudhuru macho, masikio, moyo na ubongo.

Nawajua mume na mke waliopita huko. Nimebadilisha mambo kadhaa ili wasitambulike. Mume aliona kidonda, hakikuuma, kikaisha, akashukuru Mungu. Miezi michache baadaye mke alipata mimba, lakini hakwenda kliniki mapema. Bima ilikuwa imekatika na barua ya kuomba upya ilikaa kwenye droo kwa sababu ilikuwa ya Kiingereza. Alipopimwa damu, mimba ilikuwa imeshakuwa kubwa. Majibu yalitoka, sindano zikachomwa, mtoto alizaliwa akawekwa chini ya uangalizi, na leo anakimbia. Wangechelewa zaidi, sijui. Kaswende ya mama inaweza kuua mtoto tumboni au kumzaa na ulemavu. Wala usidhani ni mambo ya Afrika tu. Hapa Marekani, mwaka 2022 watoto zaidi ya 3,700 walizaliwa na kaswende au walikufa tumboni kwa sababu yake, zaidi ya mara kumi ya idadi ya mwaka 2012. Mamlaka ya afya ya nchi hii inasema karibu tisa kati ya kila kumi wangeokolewa kama mama angepimwa na kutibiwa kwa wakati.

Na tiba yenyewe ni ya zamani: penisilini. Ugonjwa ukiwa bado mchanga, kwa kawaida matibabu ni ya siku moja tu, sindano za makalioni. Ukiwa umekaa muda mrefu, sindano huchomwa kila wiki kwa wiki tatu. Mwenzi naye anatibiwa, la sivyo mnazungushiana. Kwa hiyo kidonda chochote sehemu za siri, kiwe kinauma au hakiumi, usikisubiri kipone. Nenda wakati bado kinaonekana. Na kama kilishapona, nenda hivyo hivyo, uombe kipimo cha damu.

Vidonda vinavyouma vina habari nyingine. Ukianza na kuwashwa au kuhisi moto, kisha malengelenge madogo yakakaa kwa kundi, yakapasuka na kuwa vidonda vidogo vichungu, pengine na homa, huenda ni hepesi. Virusi vyake haviondoki mwilini, nisikudanganye. Lakini kuna vidonge vinavyofupisha siku za maumivu na kupunguza kurudi kwake, na vinafanya kazi vizuri zaidi vikianzwa katika siku tatu za mwanzo. Mara ya kwanza huwa kali, zinazofuata hupungua. Mama mjamzito mwenye hepesi, au ambaye mume wake anayo, amwambie daktari mapema, maana karibu na kujifungua kuna tahadhari za kumlinda mtoto.

Kuna pia mpox, ambayo wenye ndugu Kivu mmeisikia sana. Vipele vyake ni vigumu, hujaa maji kisha usaha, na vinaweza kuanzia sehemu za siri, pamoja na homa na mitoki kuvimba. Kama umetoka safari huko, au umekutana na mgonjwa, piga simu kliniki kwanza kabla ya kwenda, wakuambie uingilie mlango gani.

Nije kwenye masundosundo, chunjua za sehemu za siri, kwa sababu hizi ndizo zinazovunja nyumba. Huonekana kama vinyama vidogo, laini au vyenye mikwaruzo juu, pengine kimoja, pengine vingi vilivyokusanyika kama ua la koliflawa. Mara nyingi haviumi. Vinaletwa na virusi vya HPV, na virusi hivyo ni vya kawaida mno. Watu wengi waliowahi kufanya tendo la ndoa wamekutana na aina yake moja au nyingine bila kujua.

Jambo ninalotaka kila mume na kila mke alisome mara mbili ni hili. Virusi vya HPV vinaweza kukaa mwilini kimya, miezi au miaka, kabla ya kinyama kutokea. Vingetoka kwenye ndoa ya kwanza. Vingetoka kwenye jambo la vita ambalo mtu hajawahi kumsimulia mwenzake, na wengi wetu tunajua ninasema nini. Vingekuwepo kabla ninyi wawili hamjaonana. Hakuna daktari anayeweza kutazama chunjua akasema imetoka kwa nani wala mwaka gani. Hepesi nayo ni hivyo hivyo. Nimekaa kwenye sebule ambapo mzee anagonga meza akidai "nani amekuletea hii?", na mke analia, na watoto wako chumbani wanasikia kila neno. Kipele hakina jibu la swali hilo. Kama kuna jambo la kuulizana kama mume na mke, ulizaneni, lakini msikitumie kipele kama shahidi.

Ukitaka namna ya kuanza, mama mmoja alinieleza alivyofanya. Alingoja watoto walale, akasema: "Baba watoto, nimeona kitu kwenye mwili wangu. Sijui ni nini na simshtaki mtu. Naomba twende wote tukapimwe." Walienda wote. Na kama nyumbani kwako maneno hayo yanaweza kuleta kipigo, usiyaseme kwanza. Mwambie daktari au mwambie msimamizi wa kesi yako. Zipo njia za kumjulisha mwenzi kupitia idara ya afya bila kutaja jina lako.

Aina za HPV zinazoleta chunjua nyingi, namba 6 na 11, si zile zinazoleta saratani. Chunjua hazigeuki kuwa saratani. Daktari anaweza kuzigandisha kwa baridi kali, kuzikata, au kukupa dawa ya kupaka nyumbani. Zinaweza kurudi, hasa miezi ya mwanzo, na hiyo haina maana kwamba mwenzi wako ametoka nje. Nyingine huisha zenyewe. Usichopaswa kufanya ni kununua ile dawa ya chunjua za mikono na miguu inayouzwa rafuni dukani. Ni asidi. Kijana mmoja aliipaka, akashindwa kuvaa suruali wiki mbili. Jiki, maji ya betri, unga wa sigara, navyo nimevisikia vyote.

Kwa kuwa tumeitaja HPV: aina nyingine zake, hasa 16 na 18, ndizo zinazoleta saratani ya shingo ya kizazi, na hazioneshi kipele chochote. Kwa hiyo mwanamke kuanzia miaka 21 anapimwa hapa hata kama hana tatizo. Tangu mwaka 2024 kliniki zimeruhusiwa kumpa mama kijiti ajichukulie sampuli mwenyewe, chooni pale pale, bila kupanua miguu mbele ya mtu. Si kila kliniki inacho, lakini uliza. Na chanjo ya watoto, wavulana na wasichana, hutolewa kuanzia miaka 9. Uliza daktari wa mtoto ni dozi ngapi. Wazazi wengi huniambia mtoto wake bado mdogo kwa mambo hayo. Ndiyo sababu inatolewa wakati huo, kabla.

Sasa jambo ambalo daktari wa hapa anaweza asilijue, na wewe ndiye wa kumkumbusha. Kuna kichocho cha sehemu za siri.

Wengi wetu tulikua tukioga, tukifua na kuteka maji mtoni, bwawani au kwenye mifereji ya mashamba. Aina ya kichocho inayoleta mkojo wa damu ipo pwani ya Kenya na Tanzania, Zanzibar, bonde la Juba kule Somalia, na sehemu nyingi za bara. Mayai ya minyoo yake hayaishii kwenye kibofu. Kwa wanawake yanaweza kukwama kwenye nyama za uke, mashavu yake na shingo ya kizazi, yakaleta vinundu, mabaka ya njano kama mchanga, damu baada ya tendo la ndoa, uchafu usioisha, maumivu, na hata kukosa mtoto. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba wanawake na wasichana wapatao milioni 56 Afrika wana tatizo hili. Haliambukizwi kwa kujamiiana. Lakini mwanamke akienda hospitali, hudhaniwa ana ugonjwa wa zinaa, anapewa vidonge vya bakteria, haponi, anapewa tena, na nyumbani anaonekana malaya. Mwanaume naye anaweza kuona damu kwenye shahawa.

Utasema: sisi tulimezeshwa dawa kabla ya kupanda ndege. Kweli, wakimbizi wengi kutoka Afrika hupewa prazikwanteli kabla ya safari. Lakini dozi moja haimalizi minyoo kwa kila mtu, wengine walirukwa kwa sababu ya umri au ugonjwa siku ile, na makovu yaliyokwishafanyika hayaondoki kwa kidonge. Kwa hiyo kama una dalili hizi na vipimo vya zinaa vinarudi safi, mwambie daktari maneno haya: "Nilikulia kwenye maji yenye kichocho. Naomba unifikirie kichocho cha sehemu za siri." Mkalimani atajua namna ya kuyasema. Mtaje mto au bwawa. Dada mmoja aliyetoka Juba alizunguka kliniki kwa zaidi ya mwaka kabla mtu kumuuliza alikooga utotoni.

Kwa watoto nasema machache lakini yachukulieni kwa uzito. Vipele vidogo vinavyong'aa, vyenye kishimo katikati kama kitovu, ni virusi vya ngozi ambavyo watoto hupeana wakicheza, wakioga pamoja au kushirikiana taulo. Vinaweza kufika mapajani na sehemu za siri kwa kujikuna, na huisha vyenyewe, ingawa huchukua miezi. Lakini kidonda, malengelenge au chunjua sehemu za siri za mtoto vionwe na daktari wa watoto upesi. Daktari atauliza maswali mengi, pengine atazungumza na mtoto peke yake. Sheria inamtaka awe mwangalifu hivyo, na hiyo haina maana kwamba ameshakuhukumu. Usimfiche mtoto kwa kuogopa maswali.

Basi, lini uende? Siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku na ni chumba cha dharura: kama una homa na wekundu unasambaa haraka au maumivu ni makali kupita kinavyoonekana, kama umeshindwa kukojoa, kama una vidonda na jicho linauma au kuona kumebadilika, kama una mimba kubwa na umeona vidonda au malengelenge. Ndani ya siku chache: kidonda chochote, malengelenge yoyote, kipele chenye mitoki, madoa ya viganjani, au kipele kilichotokea baada ya kulala na mtu mpya. Kama ulibakwa au kondomu ilipasuka na una hofu ya VVU, dawa ya kuzuia lazima ianzwe kabla ya saa 72 kwisha, kwa hiyo usingoje miadi. Kipele kisichoondoka wiki mbili au tatu, kinachokua, kinachobadilika rangi au kutoa damu, kionyeshe, hasa kwa wazee, maana saratani ya ngozi huko ipo ingawa ni nadra. Na mwanaume akigusa uvimbe ndani ya korodani yenyewe, hicho si kipele. Asikae nacho.

Kwenda kwenyewe ndiko kunakotushinda, kwa hiyo nieleze. Ukipiga simu kuomba miadi, huna haja ya kumweleza wa mapokezi. Sema: "Nina tatizo la ngozi, nitamweleza daktari." Inatosha. Omba mkalimani wa Kiswahili. Kliniki inayopokea pesa za serikali ina wajibu wa kukupa bila malipo, chini ya sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964. Omba mkalimani wa simu, si wa kuja mwenyewe, kama unaogopa kukutana naye kanisani Jumapili. Anaweza kuwa jimbo jingine kabisa, na hahitaji kujua jina lako. Usimchukue mwanao akutafsirie. Nimemwona msichana wa miaka kumi na miwili akitafsiri maneno ya ugonjwa wa baba yake, na sote wanne chumbani tulitamani tusiwepo.

Daktari haruhusiwi kusimulia habari zako kwa mume, mke, mchungaji, sheikh wala kwangu mimi, bila ruhusa yako. Magonjwa machache kama kaswende huripotiwa idara ya afya, nayo inaweza kukupigia ili wenzi watibiwe. Simu hiyo si ya polisi. Lakini kuna mlango wa nyuma tunaousahau: ile programu ya simu ya hospitali. Nyumba nyingi kijana ndiye aliyefungua akaunti za wazazi na ndiye mwenye nywila. Majibu yakitoka, yeye ndiye wa kwanza kuyasoma. Badilisha nywila kabla ya kupimwa. Njoo ofisini tukusaidie, ni dakika tano.

Kuhusu kadi ya kijani: kwenda kliniki kwa ajili ya kipele hakuharibu maombi yako. VVU viliondolewa kwenye orodha ya magonjwa yanayomzuia mtu kuingia nchini tangu Januari 4, 2010. Kaswende na kisonono bado vinaangaliwa kwenye uchunguzi wa uhamiaji, lakini aliyetibiwa hana kizuizi, kwa hiyo kukwepa matibabu ndiko kunakoweza kukuletea usumbufu.

Na pesa. Kama bima yako bado hai, inalipa. Kama imekatika, vituo vya afya vya jamii hutoza kulingana na kipato, leta karatasi za mshahara. Kliniki za magonjwa ya zinaa za idara ya afya ya kaunti mara nyingi ni bure au bei ndogo. Barua yoyote ya bima usiyoielewa, usiiweke kwenye droo. Ilete Jumanne au Alhamisi mchana, hata ikiwa bado imefungwa. Na kama unataka kuuliza juu ya rafiki yako, mlango wa ofisi yangu unafungika, na dirisha lina pazia.